Chupa Mbili Mezani

Watu wa bonde letu wakitaka kumsema Thurman Stensrud husema ni mbishi, bahili, na hapendi wageni. Yote kweli. Mimi ni shemeji yake. Dada yangu Verna aliishi naye miaka arobaini na mitatu mpaka kifo kilipowatenganisha, kwa hiyo nina haki ya kuyasema hayo mara mbili. Lakini hapakuwa na mtu aliyewahi kumwita mzembe. Ndiyo sababu naandika habari hii, maana ilifika siku wakamwita hivyo, wakaendelea kumwita hivyo kwa siku kama sabini, na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo nakunywa kahawa.

Kabla hajastaafu alikuwa fundi wa kunoa misumeno katika kiwanda cha mbao. Si misumeno ya mkono. Hii ni mikanda ya chuma mirefu kuliko nyumba, na jino moja likikaa vibaya mkanda unakatika, unaruka, unapasua chochote kilichoko mbele yake. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja, na vidole vyake vyote kumi anavyo. Huku Montana mtu wa kiwanda cha mbao mwenye vidole kumi huheshimiwa kuliko mchungaji.

Kiwanda kilipofungwa alihamishia ukali wake wote kwenye chumba cha chini ya nyumba, alikokuwa anajaza risasi. Wengi wetu tunafanya hivyo. Unaokota maganda yako matupu baada ya kupiga, unayasafisha, unatia kiwashio kipya kitakoni, unapima baruti, unakandamiza kichwa juu, na risasi inakuwa mpya tena. Wengine hufanya kwa ajili ya kubana matumizi. Thurman alifanya kwa sababu hakumwamini mtu mwingine yeyote duniani kumjazia.

Chumba kile kilikuwa kikavu, baridi, na mbali na tanuri la kupasha nyumba joto. Viwashio vilikaa rafu ya peke yake, ndani ya vipaketi vyake vya kiwandani, hata kimoja hakikuruhusiwa kulala kwenye kopo au gilasi, maana vikilundikana kimoja kikilipuka vinalipuka vyote. Baruti ilikaa kwenye sanduku la mbao alilolitengeneza mwenyewe, kila chupa na lebo yake ya dukani. Binti yake, Marit, aliwahi kumnunulia kabati la chuma zito lenye kufuli la namba, zawadi ya Krismasi. Thurman akashukuru, akaweka humo hati za nyumba na picha za Verna.

"Baruti ukiifungia kwenye chuma umetengeneza bomu," alimwambia. "Kwenye mbao ikishika moto inawaka tu, fuu, basi. Nyumba itaungua, lakini zimamoto watarudi kwao."

"Baba, mtu akikupa zawadi sema asante tu."

"Si nimesema asante? Mama yako anakaa humo sasa, hajalalamika."

Na juu ya hayo yote ilikuwapo sheria aliyoitukuza kuliko Amri Kumi. Mezani ikae chupa moja tu ya baruti. Ukitaka nyingine, ya kwanza irudi sandukuni kwanza, ifungwe, ndipo ya pili itoke. Hata kama ni kwa dakika moja. Alikuwa ameiandika kwa rangi nyekundu ukutani, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyekuwa akifanya kazi mle ndani.

Sasa nije kwenye Jumatano yenyewe. Zilibaki siku tatu msimu wa elki ufunguliwe, elki ni hao kulungu wetu wakubwa, na Thurman alikuwa anamjazia Marit risasi ishirini. Marit ana umri wa miaka arobaini na mmoja, anafundisha hesabu, na tangu ana miaka kumi na miwili hajawahi kwenda mlimani na risasi ambayo baba yake hajaijaza kwa mkono wake. Nilishuka ngazi nikiwa na paai ya cheri, ule mkate mtamu wenye matunda mekundu tumboni, kwenye sahani, kipande kikubwa, nilichokinunua kwenye mnada wa akina mama wa kanisani.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "wewe ukija ni tumbo limekuleta."

"Tumbo langu na shida zangu. Nahitaji hamsini za bastola."

"Nina kazi ya Marit. Nimefika kumi. Kaa usubiri."

"Mpaka umalize nitakuwa nimeota mizizi, Thurman. Zangu ni dakika chache. Si una vijiko vyako?"

Alikuwa na vijiko viwili vya shaba vya kupimia, kikubwa cha bunduki na kidogo cha bastola, alivyovitengeneza miaka mingi iliyopita. Mizani ilikuwapo pia, lakini siku hiyo ilikuwa imefunikwa kitambaa. Sikujiuliza kwa nini. Akashusha pumzi, akaishika chupa ya baruti ya bunduki ili airudishe sandukuni.

"Unairudisha ya nini na utaitoa tena sasa hivi?" nikamwambia. "Iache hapo. Ya kushoto bunduki, ya kulia bastola. Au umeshazeeka kiasi hicho?"

Nilitegemea atanifukuza. Badala yake alisimama na ile chupa mkononi, akakitazama kile kiza cha sandukuni, kisha akaiweka mezani upande wa kushoto. Akatoa ya pili, akaiweka kulia. Chupa zilikuwa sawasawa, nyeusi zote mbili, za plastiki, ukubwa mmoja. Tofauti ilikuwa kwenye maandishi ya lebo tu. Akanipa mgongo kwenda kwenye rafu kutafuta maganda ya bastola.

Mkono wangu ulikuwa umechoka kushika sahani. Basi.

Nilikula paai yangu, nikapiga soga, nikapewa hamsini zangu kwenye mfuko, nikaenda zangu. Nyuma yangu Thurman akamalizia kumi zilizobaki za Marit. Alhamisi alimkabidhi kisanduku. Ijumaa Marit akapiga tatu kwenye shimo la kokoto ili kuhakikisha bunduki inalenga, akampigia simu baba yake kusema ziko vizuri kabisa, kama za miaka yote. Jumamosi saa sita mchana akaenda mlimani peke yake, ili awe mahali pake kabla elki hawajatoka msituni jioni.

Saa saba mimi nilikuwa nyuma ya banda langu na makopo matupu sita juu ya gogo. Nikalenga, nikavuta. Bastola ikasema pff. Kopo likabaki linanitazama.

Nimeshika bunduki tangu utotoni, na japo kichwa changu si kizuri, hicho kidogo nakijua: ikisema pff usivute tena. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama katikati ya mtutu. Nilipoifungua zikamwagika mkononi mwangu chembe ambazo hazikuungua, nyeusi, vijiti vifupi kama ncha za penseli zilizokatwakatwa. Baruti ya bastola haina sura hiyo. Baruti ya bastola ni vipande bapa vidogo. Hivi vijiti ni vya bunduki, vinavyoungua polepole, na kwenye bastola haviwezi hata kusukuma kichwa nje.

Kwanza nilikasirika. Nikasema mzee huyu ameniharibia bastola. Nikasimama pale natukana, na katikati ya tusi likanijia swali lenyewe. Kama baruti ya bunduki imeingia kwenye risasi zangu, ile ya bastola imeingia wapi?

Baruti ya bastola huungua yote kwa mara moja. Kijiko kidogo kinatosha kurusha risasi ya bastola. Kijiko kikubwa, kile cha bunduki, kikijazwa baruti hiyo, hakirushi kitu; kinapasua bunduki, na uso wa mwenye bunduki uko kiganja kimoja tu kutoka hapo.

Sikumbuki nilivyoendesha gari. Thurman nilimkuta anapasua kuni.

"Marit ameondoka?"

"Tangu saa sita. Una nini, umeona shetani?"

Nikamfungulia kiganja, nikamwonyesha vile vijiti. Hakuviangalia, alivishika. Akavisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, na uso wake ukabadilika.

"Umevitoa wapi hivi?"

"Kwenye risasi ulizonijazia Jumatano."

"Uongo."

"Thurman."

"Uongo! Umechanganya na takataka zako. Banda lako lenyewe ni jalala. Mimi sijawahi, miaka hamsini sijawahi!"

"Basi twende tukatazame! Ukiwa na haki utanitukana njiani!"

Tukashuka. Akafungua sanduku, akatandika karatasi nyeupe, akamwaga kidogo kutoka chupa ya kushoto, maana alizirudisha humo kama zilivyokaa mezani. Kisha akaiinua ile chupa kusoma lebo, na hapo ndipo nikaona jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angeliona miezi mingi nyuma. Aliisogeza mpaka ikagusa pua. Akaigeuza kwenye mwanga, akaisogeza tena, akafumba jicho moja. Mboni zake zilikuwa na ukungu kama kioo cha jikoni maji yakichemka.

"Nisomee," alisema. Sauti ilikuwa ndogo.

Nikamsomea. Ilikuwa ya bastola. Kwenye karatasi kulikuwa na vipande bapa, vingi, vinang'aa kidogo. Chupa za kushoto na kulia zilikuwa zimebadilishana nafasi, na mikono yake, iliyokuwa ikifanya kazi kwa mazoea kwa sababu macho yalishastaafu, ilichukua ya kushoto na kuiamini.

Mimi nikaitazama meza. Nikaiona Jumatano, nikauona mkono wangu ukiisogeza chupa ya kushoto, ukiipitisha nyuma ya ile nyingine na kuiweka kulia, kusudi sahani yangu ipate pa kukaa karibu na kiti. Nilifungua mdomo. Kisha nikajiambia hakuna wakati wa hayo sasa, na hiyo ilikuwa kweli, ndiyo maana ilinifaa sana.

"Kumi nzima, kumi mbaya," Thurman alisema. "Amepiga tatu nzima jana. Zimebaki kumi na saba mkononi mwake, na kumi ni kifo."

Simu ya Marit haikupatikana. Kule juu haipatikani kamwe. Nikaendesha pikapu mimi, maana sasa nilijua kwa nini miezi yote ile alikuwa akiniambia niendeshe, eti mgongo unamuuma. Barabara ya malori ya magogo ilikuwa na theluji nyepesi na alama za gari moja. Thurman alikaa ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

"Tangu lini macho?"

"Endesha."

"Tangu lini, Thurman?"

"Tangu theluji ya mwaka jana ilipoyeyuka. Mtoto wa jicho, mawili yote. Daktari alisema atayafanyia upasuaji, nikasema baada ya msimu." Akaibana dashibodi. "Ningemwambia Marit angechukua ufunguo wa chini. Nikishanyang'anywa kile chumba nitafanya nini, shemeji? Nikae juu nitazame televisheni nisiyoiona?"

Tulilikuta gari la Marit mwisho wa barabara, tupu, injini imeshapoa. Nyayo zake zilipanda kuelekea jiwe ambalo Thurman mwenyewe alimwonyesha alipokuwa na miaka kumi na miwili, jiwe linalotazama uwanja wa majani ambako elki hutoka jioni. Mwendo wa karibu saa nzima kwa mtu mzima wa afya. Mimi nina nyonga ya chuma. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka.

Nikapeleka mkono kwenye honi. Kwetu kila mtu anajua: tatu za chochote ni kuomba msaada. Honi tatu, filimbi tatu, risasi tatu. Nilikuwa nimeshaibonyeza ya kwanza Thurman aliponirukia, akanipiga kofi la mkono hata nikalia.

"Atajibu!" alisema. "Mjinga wewe, atajibu!"

Nikabaki na mkono hewani. Maana hiyo nayo kila mtu anaijua. Ukisikia tatu, unapiga risasi moja juu ili aliyepotea ajue amesikika. Thurman alimfundisha Marit yeye mwenyewe. Nilibakisha milio miwili tu nimfanye Marit aweke bunduki begani na kuvuta.

"Mlio mmoja mrefu basi," nilisema. "Akasirike ashuke."

"Utawakurupusha elki walio huku chini, wapande kwake mbio. Atafanya nini wakimpitia mbele? Atawapungia mkono?" Alikuwa ameshavaa kizibao chake cha rangi ya machungwa, kama sheria ya wawindaji inavyotaka, ananitupia changu. "Twende. Wewe macho, mimi miguu."

Hivyo ndivyo tulivyopanda, yeye ameshika mkanda wangu kwa nyuma na kunisukuma, mimi nikimwambia gogo, jiwe, barafu, inua mguu. Mzee wa miaka sabini na sita akimsukuma mzee wa sabini na mmoja. Kwingine ningecheka. Nyonga ilikuwa inawaka moto. Kila nikisimama alisema neno lile lile, "Bado," na kunisukuma tena.

Tulipokuwa katikati ukasikika mlio wa risasi.

Mikono yake iliuachia mkanda wangu. Nilipogeuka alikuwa amepiga magoti kwenye theluji, kichwa ameinamisha upande mmoja, anasikiliza mwangwi ukizunguka na kufa. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiwa hivyo na sitaki kuuona tena.

"Si yake," alisema mwishowe. "Hiyo imetoka ng'ambo ya mto. Si yake. Si ndiyo, shemeji? Niambie."

"Ni ng'ambo ya mto," nilimwambia. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Tukatokea kwenye ukingo wa miti mwanga ukiwa umeshakuwa wa rangi ya shaba. Nikaliona jiwe, hatua mia na zaidi juu yetu, na kizibao cha machungwa kimelala juu yake. Nikautazama uwanja. Elki dume alikuwa amesimama nje ya msitu, ubavu wote wazi, pembe kama kitanda kilichopinduliwa.

"Unamwona?" Thurman alininong'oneza. "Yuko wapi? Anafanya nini?"

"Yuko juu ya jiwe. Amelala kifudifudi." Nikamshika mkono. "Ameweka shavu kwenye bunduki."

Thurman alinisukuma kando, akasimama wazi, akauelekeza uso wake ule usioona upande alioudhani ni wa jiwe, na akapiga ukelele. Hakusema neno la maana. Lilikuwa jina, lakini alilipasua mpaka halikutambulika, "Maaarit," tena na tena, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine za kiwanda. Elki akaruka mara moja na kumezwa na msitu. Kizibao kikainuka. Bunduki haikulia.

Alitushukia akiwa na hasira za kuua.

"Baba! Una wazimu? Miaka sita nimemngoja dume kama yule! Miaka sita! Na wewe, Mjomba, umemleta huku, unatazama tu, humzuii?"

"Toa risasi," Thurman alisema. "Toa zote. Marit, mama, toa zote, nipe."

Alikuwa akilia wazi wazi, kamasi na kila kitu, na Marit hakuwa amemwona akilia hata siku tuliyomzika Verna. Hasira ikamtoka. Akafungua bunduki. Ile iliyokuwa tayari mtutuni ikaruka, akaidaka kwa glavu. Tatu nyingine akazitoa moja moja. Thurman akavua kofia yake ya sufi, akaikinga kama anaomba sadaka, akamwambia aitie ile ya mtutuni kidoleni mwa glavu ili isichanganyike na wenzake.

"Umezichukua safu ipi ya kisanduku?" nilimuuliza.

"Safu gani, Mjomba? Kisanduku kiliniangukia garini jana, zikamwagika zote. Nimezirudisha ovyo ovyo. Kwani kuna nini?"

Thurman alimweleza. Alijieleza vibaya, kwa kurudia rudia, lakini alieleza yote: chupa mbili, macho, daktari. Alisema "mimi" kila mahali. Sahani hakuitaja, kwa sababu hakuijua. Na mimi niliyeijua nilikuwa nimeegemea mti, nashika nyonga.

Jumapili asubuhi, badala ya kanisa, tulikuwa chini sisi watatu. Thurman akazivunja risasi zote kumi na saba kwa nyundo ya kung'olea vichwa, taratibu, moja moja, kila moja akiimwaga kwenye karatasi nyeupe. Marit ndiye aliyesoma. Vijiti. Bapa. Bapa. Vijiti. Ile ya kwenye glavu waliiacha mwisho.

Ilipomwagika Marit aliinama karibu sana na ile karatasi, kisha akanyoosha kidole na kuvitawanya vile vipande, bapa vyote, vinang'aa.

"Hii ndiyo ilikuwa shavuni kwangu," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimeshaanza kuvuta, Baba. Nilipokusikia nilikuwa nimeshaanza."

Thurman alitoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya meza mbele yake bila kuombwa. Marit akauchukua. Akaweka kufuli mlangoni siku hiyo hiyo.

Bonde letu ni dogo. Kufikia Jumatano mgahawani walikuwa wanajua yote, na waliyoyajua hayakuwa na chumvi hata kidogo: mzee Stensrud amekuwa kipofu, amevunja sheria yake mwenyewe, nusura amuue mwanawe. Mtu aliyekuwa akimwogopa Thurman kwa sababu ya kusemwa juu ya banda lake chafu la risasi sasa alipata nafasi. "Yale maandishi mekundu yote ukutani," walisema, na wakacheka. Mimi nilikoroga kahawa. Nilijiambia macho yake yangeleta balaa siku moja, sahani au bila sahani. Ukijisemea jambo kama hilo kila asubuhi linaanza kuwa na ladha ya ukweli.

Mwanzoni mwa Januari walimtoa mtoto wa jicho, kwanza kushoto, wiki moja baadaye kulia. Alirudi akiwa anasoma kila kitu kwa sauti, vibao vya barabara, pakiti za maziwa, bei. Akamwambia Marit, huyo baba yako ana kunyanzi kama gunia, mbona hamkuniambia. Marit akacheka, na Jumamosi iliyofuata akaja na ufunguo. Alisema ataanza kukaa naye chini yeye mwenyewe, lebo zisomwe na watu wawili. Akafungua kufuli, akaturuhusu tushuke, akabaki juu kuandaa kahawa.

Thurman aliwasha taa akasimama kwenye kidato cha mwisho, anakitazama chumba chake. Hakuna aliyekuwa amegusa kitu tangu ile Jumapili. Akaisogelea meza. Akainama. Nilijua anatazama nini kabla sijafika.

Upande wa kushoto wa meza, mahali pa chupa ya bunduki, palikuwa na duara la sharubati ya cheri, jekundu jeusi, limekauka, ukubwa wa kitako cha sahani. Ndani yake kulikuwa na vipande vya ganda la paai.

"Shemeji."

"Naam."

"Chupa ilikuwa hapa."

"Ilikuwa hapo."

"Uliisogeza wapi?"

Nikamwonyesha. Akaufuata mkono wangu kwa yale macho mapya, kutoka kushoto kwenda kulia, akarudi kushoto.

"Umejua tangu lini?"

"Ile Jumamosi. Uliponiambia nikusomee lebo."

Akachukua kitambaa, nikadhani atafuta. Alikikunja tu, akakiweka chini.

"Kuziacha mbili mezani ni kosa langu, na hilo litabaki langu," alisema. "Macho ni kosa langu. Nilimwambia Marit hivyo na nitamwambia tena. Lakini nimelala siku sabini, Alden, nikiona mikono hii ikichukua chupa isiyo yake. Nilikuwa najiuliza mikono nayo imeanza kufa?"

Miaka yote tangu amwoe dada yangu hakuwahi kuniita kwa jina. Nilisema samahani. Ilitoka ndogo sana.

"Marit yuko juu," alisema, akanipa mgongo.

Ngazi ile ina vidato kumi na vitatu, na kwa nyonga yangu kila kimoja kina habari yake. Marit alikuwa anamimina kahawa, vikombe vitatu vimepangwa. Nilimwambia asimimine changu kwanza, nina jambo. Nikaanza na sahani, nikamaliza na siku sabini, sikujipunguzia. Alinisikiliza mpaka mwisho, birika mkononi. Kisha akakichukua kikombe cha tatu, akakirudisha kabatini, na akashuka na viwili.